Haki ya Umeme kwa Redio Ndogo

(Mhadhara uliosomwa Sanya Juu mbele ya walimu wa sayansi, mafundi redio na vijana wa Wilaya ya Siha)



Redio ndogo zinazouzwa siku hizi kwa ajili ya kuunganishwa na bodi za mikrokontrola, zile ambazo upana wake haupiti kidole gumba na ambazo zina miguu minane tu ya kuchomekea nyaya, aghalabu hutuhumiwa makosa yasiyokuwa yake. Hoja yangu ya leo, ambayo nitaieleza kwa urefu kwa kuwa naiona ndiyo mlango wa fani hii nzima, ni kwamba mtu asiihukumu redio kuwa mbovu, wala asiihukumu programu yake kuwa na kasoro, mpaka kwanza amehakikisha kwamba redio ile imepewa umeme unaoistahiki, kwa volti zinazoistahiki, katika nukta ile ile inayouhitaji.

Jambo hili lina maana ya pekee kwetu sisi wa Sanya Juu. Tumekaa upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ambako mvua ni haba kuliko ile inayowanyeshea jirani zetu wa kusini mwa mlima, na tangu zama za mababu maji yameshushwa kutoka mitoni kwa mifongo, yaani mifereji, iliyochimbwa kwa mikono na kutunzwa kwa zamu. Mkulima mwenye mahindi na maharage huku chini kwenye tambarare hupoteza nusu ya siku akipanda kwenda kutazama kama maji yamefika kwenye banio, na akishafika huenda akakuta zamu yake imekwisha kupita. Chombo kidogo cha kupima kimo cha maji, kikiwekwa pale banioni na kupeleka habari zake kwa redio mpaka nyumbani kwa mwenyekiti wa mfongo, chaweza kumwondolea adha hiyo. Kadhalika chombo cha kupima unyevu wa udongo kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, au joto la maziwa yaliyokusanywa tangu alfajiri. Wala vyombo hivyo si vya kuagizwa vikiwa vimekwisha kutengenezwa kwa bei ya kutisha. Bodi ya Arduino, ambayo ilianza katika mji wa Ivrea, nchini Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wasiokuwa wahandisi waweze kujitengenezea vyombo vya umeme, pamoja na bodi nyingine zilizoifuata, imefanya kazi hii iwezekane mezani pa mwanafunzi wa sekondari.

Kabla ya kuingia katika undani, nataka kuwakumbusha vijana kwamba elimu ya umeme wa redio si ngeni katika nchi hii. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, na katika miaka iliyofuata redio za betri kavu zilienea hadi vijiji ambavyo nguzo ya umeme haikufika ila baada ya miongo mingi. Arusha hapa jirani palikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na Dar es Salaam palikuwa na kiwanda cha Matsushita kilichotengeneza betri za National. Wasikilizaji wa zama zile, ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani hata siku moja kusoma umeme, walijua vizuri jambo ambalo leo huwapita vijana wenye shahada: walijua kwamba redio yenye betri zilizochoka husema vizuri sauti ikiwa ya chini, lakini ukiipandisha, inakwaruza na kukatika. Hapo mzee alizitoa betri akazianika juani, zikampatia dakika chache za taarifa ya habari. Sababu yake ni kwamba betri inapozeeka, ukinzani wa ndani yake huongezeka; ingawa ukiipima ikiwa haina kazi utaona volti zake zinaridhisha, mara inapodaiwa umeme mwingi volti hizo huporomoka. Maradhi ya redio ile ya mzee na maradhi ya moduli, yaani redio ndogo, ya kijana wa leo ni mamoja.

Tuchukue mfano wa moduli inayopatikana kwa wingi kuliko zote katika maduka yetu, yenye chipu ya nRF24L01+ iliyobuniwa na kampuni ya Nordic ya Norway. Hiyo hufanya kazi katika masafa ya gigahezi 2.4, nayo huhitaji umeme usiopungua volti 1.9 wala kuzidi 3.6. Ikisikiliza hula miliampia zipatazo 13, na ikisema kwa nguvu yake yote hula zipatazo 11. Ikilazwa usingizi mzito haili hata mikroampia moja. Mtu akizisoma tarakimu hizi, kisha akaona kwamba bodi ya Arduino Uno ina tundu la volti 3.3 lililoandikwa kuwa laweza kutoa miliampia 50, atasema hesabu imetimia na kilichobaki ni kuchomeka waya. Achomekapo, redio huanza vizuri, hupeleka ujumbe wa kwanza na wa pili, kisha hunyamaza. Au husikika ikiwa mezani tu, na ikipelekwa chumba cha pili haisikiki tena. Au hufanya kazi pale mtu anapoigusa kwa kidole, akimwachia shaka kwamba ina mashetani.

Kinachotokea ni kwamba hesabu ile ilikuwa ya wastani, ilhali redio haiishi kwa wastani. Katika sehemu ndogo mno ya nukta inaamka kutoka usingizini, inawasha mtambo wake wa masafa, inasema, na kurudi kusikiliza jibu, na katika kila mpito huo mahitaji yake hubadilika ghafla kuliko regyuleta ya bodi, yaani kidhibiti chake cha volti, inavyoweza kufuatilia, hasa umeme wenyewe ukiwa unapita katika waya mwembamba wa sentimita 20 na katika bodi ya majaribio ambayo matundu yake yamelegea. Volti zinashuka kwa kitambo kifupi sana, na mita ya kawaida ya fundi, ambayo hutoa wastani wa kile ilichokiona, haikuoni kushuka huko. Mwenye osiloskopu ndiye anayekuona. Ikiwa moduli ni ile yenye antena ndefu na kikuza nguvu, ambayo yaweza kula zaidi ya miliampia 100 inaposema, basi hata hesabu ya wastani haikutimia tangu mwanzo, na tundu lile la volti 3.3 halifai hata kidogo.

Dawa yake ni kapasita, na hapa nitatumia mfano wa maji kwa sababu sote tumekulia penye mifongo. Jirani zetu Wapare huchimba bwawa liitwalo ndiva, ambalo maji machache ya mfereji huliingia usiku kucha polepole, na asubuhi linapofunguliwa maji hutoka kwa wingi na kwa nguvu ambayo mfereji wenyewe usingeweza kuitoa. Kapasita ya mikrofaradi 10 au 47, ikiunganishwa kati ya mguu wa chanya na mguu wa hasi wa moduli, hufanya kazi hiyo hiyo: hujaa redio inapokuwa kimya, na redio inapodai umeme wa ghafla huupata pale pale mlangoni pake, bila kuungoja usafiri katika waya mrefu. Nasisitiza kwamba ikae pale pale mlangoni. Nimeona mara nyingi kapasita nzuri ikichomekwa upande wa pili wa bodi, mbali na redio, na mwenyewe akashangaa kwamba haikumfaa kitu. Ilehemu moja kwa moja kwenye miguu ya moduli yenyewe, ukiangalia ule mstari mweupe ubavuni pa kapasita, unaoonyesha hasi, ukae upande wa hasi. Ukiigeuza itavimba, na huenda ikapasuka. Kando yake weka nyingine ndogo ya kauri, ya mikrofaradi 0.1, kwa ajili ya mitikisiko ya haraka zaidi ambayo ile kubwa haiwahi kuizuia.

Lakini ndiva haizalishi maji, na kapasita haizalishi umeme. Hili hudhihirika zaidi tunapoingia katika moduli za simu, kama SIM800L, ambayo vijana wengi huipenda kwa sababu hutuma ujumbe mfupi popote penye mnara wa 2G. Moduli hiyo hutaka volti kati ya 3.4 na 4.4, wala si 3.3 wala si 5, na inapozungumza na mnara huvuta umeme hadi ampia 2 kwa mapigo ya sehemu 577 za milioni ya nukta, yakijirudia kila baada ya sehemu 4.6 za elfu. Mita itakuonyesha robo ya ampia, nawe utaridhika. Kumbe katika kila pigo kapasita ya mikrofaradi 1000 ikiachwa ibebe mzigo ule peke yake itashuka zaidi ya volti moja, na moduli itazimika na kuwaka upya, ikitafuta mtandao bila kuupata. Hapa kinachotakiwa ni chimbuko lenyewe kuwa imara: seli ya lithiamu ya umbo la 18650 iliyo nzima, iliyounganishwa kwa waya mnene na mfupi, pamoja na kapasita kubwa ubavuni. Ile betri ndogo ya kisanduku ya volti 9, ambayo wengi huichukua kwa kuwa plagi yake huingia vizuri kwenye bodi, ni chaguo baya kupita yote, kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni mkubwa na akiba yake ni haba. Inafaa kwa mita ya fundi, basi.

Jambo la pili ambalo huua redio ni tafauti ya volti katika nyaya za mazungumzo. Bodi ya Uno husema kwa volti 5, na redio nyingi za sasa husema kwa volti 3.3. Ile ya Nordic, kwa hisani ya wabunifu wake, huvumilia volti 5 katika nyaya za habari, ijapokuwa haizivumilii katika mguu wa umeme. Ila moduli zenye chipu ya SX1276, za mtindo wa LoRa nitakaoueleza baadaye, pamoja na zile za ESP8266, hazikuandikiwa uvumilivu huo, na mwenye kuzichomeka moja kwa moja anacheza bahati nasibu. Resista mbili zinatosha kuleta amani: moja ya ohmu 1000 kutoka kwenye bodi na nyingine ya ohmu 2000 kwenda hasi, nayo redio ikachukua habari yake pale zinapokutana, ambapo volti 5 zimekuwa 3.3. Habari zinazorudi kutoka kwa redio hazihitaji kupandishwa, kwa kuwa chipu ya ATmega328P, iliyo katika Uno, ikiendeshwa kwa volti 5 huhesabu kitu chochote kilichofika volti 3 kuwa ndiyo. Zingatieni, hata hivyo, jinsi nafasi ilivyo finyu: umeme wa redio ukishuka hadi 2.9, ndiyo yake haina tena dhamana ya kusikika kuwa ndiyo, na hapo programu isiyokuwa na kosa lolote inaanza kusoma takataka. Mimi hushauri, kwa mwenye kuanza kazi mpya, achague bodi inayoendeshwa kwa volti 3.3 tangu mwanzo, kama Pro Mini ya megahezi 8, na mgogoro wote huu utamwepuka. Na kwa hali yoyote hasi za vyombo vyote sharuti ziunganishwe pamoja, la sivyo hakuna kipimo cha pamoja cha kusema hiki ni juu na hiki ni chini.

Kuhusu kuchagua redio yenyewe nitasema machache, maana mlima wetu umekwisha kuamua. Masafa ya gigahezi 2.4 hayapendi maji, na mgomba ni maji yaliyosimama. Kihamba kilichosheheni migomba na kahawa, majani yakiwa yamelowa umande, hunyonya mawimbi hayo hata mita mia chache zikawa safari ndefu. Mabonde yetu ya mito nayo hukata njia ya kuonana. Kwa hiyo kwa kazi ya kutoka banioni hadi kijijini mimi hupendelea LoRa, mtindo uliobuniwa Grenoble, Ufaransa, na kampuni ya Cycleo, ambayo ilinunuliwa na Semtech mwaka 2012. Huo hutumia masafa ya chini zaidi, kama megahezi 433 au 868, na husikia sauti dhaifu mno kwa kukubali kusema polepole. Antena yake ya robo wimbi ni waya mnyoofu wa sentimita 17.3 kwa masafa ya 433, au 8.6 kwa 868, na mtu asiiamuru redio kusema kabla antena haijafungwa, kwa sababu nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na yaweza kuidhuru. Kabla ya kupandisha chochote juu ya mlingoti, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, juu ya masafa na nguvu zinazoruhusiwa. Anga ni mali ya wote.

Sasa nirudi kwenye umeme, kwa maana bado kuna wizi mmoja ambao sijautaja. Chukua chombo cha kwenye banio, chenye seli moja ya miliampia-saa 2000. Kinalala, kisha kila baada ya dakika 15 kinaamka, kinapima, na redio ya LoRa inasema kwa sehemu ya kumi ya nukta ikila miliampia 120. Ukilisambaza tendo hilo katika dakika zote 15, redio imekula wastani wa miliampia 0.013 tu. Tuseme bodi nayo na kipimaji chake, vikiwa usingizini, vinakula miliampia 0.1. Kwa hesabu hiyo seli ingedumu takriban miaka miwili, kabla ya kutoa kile inachokipoteza yenyewe kwa kukaa. Lakini fundi wetu ameweka regyuleta ya AMS1117, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, na hiyo hula yapata miliampia 5 usiku na mchana hata kama hakuna anayetumia umeme wake. Seli itakwisha katika siku 17, na mwenye mfongo atasema redio inamaliza betri. Fauka ya hayo regyuleta ile hutaka iingizwe umeme uliozidi unaotoka kwa volti moja na zaidi, ilhali seli yenyewe ikijaa ina 4.2 tu, kwa hiyo inashindwa kutoa 3.3 halisi tangu seli inapoanza kupungua. MCP1700 au HT7333, ambazo kwa umbo hazitafautiani na transista ya kawaida, hula mikroampia chache tu na hutoa hadi miliampia 250. Kati ya siku 17 na miaka miwili, tafauti yote iko katika kipande hicho chenye miguu mitatu, wala hakuna mstari mmoja wa programu uliobadilishwa.

Mwenye kutaka kutumia paneli ya jua na akumbuke mawingu ya Juni hadi Agosti, yanapoufunika mlima siku kadhaa mfululizo, asipige hesabu yake kwa jua la Januari. Na mwenye nia ya kupeleka chombo juu mlimani, kupitia Londorosi hadi tambarare ya Shira na kupanda zaidi, ajue kwamba seli ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi joto sifuri; jua la alfajiri likiipiga paneli ilhali seli ingali imeganda, seli itaharibika ndani kwa ndani pasipo kuonyesha dalili ya nje.

Kazi ya namna hii si ndoto. Chini ya mradi wa WIMEA-ICT Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway vilishirikiana kubuni vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha, ambapo vipimaji vya ardhini, vya kimo cha mita 2 na vya mita 10, kila kimoja kilikuwa na redio yake ndogo ikipeleka habari kwenye kituo cha kukusanyia. Nimeufurahia mradi huo kuliko habari ya Agosti 2022 kwamba Shirika la Mawasiliano, TTCL, limefikisha intaneti Horombo, kambi ya wapanda mlima iliyo kwenye kimo cha mita 3,720; si kwamba naidharau habari hiyo, ambayo imewafaa wapagazi na wageni, lakini intaneti ya Horombo tumepewa, na vituo vile vya hali ya hewa vilibuniwa na watu wetu, ambao walipaswa kujua kila waya unakwenda wapi na unapitisha nini.

Basi nina maombi. Walimu wa fizikia, somo la ukinzani wa ndani wa betri lifundisheni kwa betri iliyochoka na taa ya tochi, mwanafunzi apime volti kabla ya mzigo na wakati wa mzigo, aziandike zote mbili. Wenye maduka ya vifaa Moshi na Arusha, mnapomuuzia kijana moduli ya redio, mwekeeni mkononi na kapasita yake na regyuleta inayoifaa, mkamweleze kwa nini. Nanyi vijana, siku redio itakapokataa kusema, ahirisheni kuibadilisha programu. Pimeni kwanza volti miguuni pa moduli yenyewe, ikiwa kazini, na kilichoonekana mkiandike katika daftari ambalo mwenzenu wa mwaka ujao ataweza kulisoma.